Daftari la Mpasuaji na Kurasa Nilizoziruka

Nilipofika London, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa nimeshafanya kazi ya uuguzi miaka minane, na sita kati ya hiyo niliipitisha ndani ya chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya pwani, nyumbani Kenya. Nilikuwa nimezoea kumtilia mpasuaji kifaa mkononi kabla hajakitaja. Lakini vyeti vyangu vilikaa ofisini vikingoja kukubaliwa, na huku vikingoja, mimi niliosha wazee, nikawavisha, nikawachemshia mayai na kuwapa dawa zao kwa saa. Sikuona aibu. Kilichoniuma ni kwamba mikono yangu ilianza kusahau. Kuna siku nilijikuta jikoni nikifunga fundo la upasuaji kwa uzi wa mfuko wa mkate, nione kama bado naliweza.

Nilikuwa nikiishi Hayes, katika nyumba niliyopanga pamoja na dada mmoja Mkongo wa Bukavu, aliyekuwa akisafisha ndege Heathrow. Kila asubuhi nilipanda mabasi mawili hadi Rayners Lane, nikapita maduka ya Wahindi karibu na stesheni, ambao wengine wao walizaliwa Nakuru na Kampala na bado wakinisalimia kwa Kiswahili, kisha nikaingia mtaa mtulivu wa nyumba zilizofanana kama mapacha. Hapo ndipo alipokaa yule mama Mmarekani.

Alikuwa na miaka themanini na kitu. Aliolewa na Mwingereza baada ya vita vikuu, akahamia huku, akamzika mumewe huku, na lafudhi ya kwao haikumtoka. Macho yake yalikuwa yamekufa katikati, anaona kingo za vitu tu. Akitaka kukuona uso, anatazama bega lako. Nilimwita Mama, maana sikuweza kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake kavu. Wiki ya kwanza alikataa, ya pili akaitika.

Siku ya kwanza kabisa, hata koti sijavua, aliniuliza, "Unaweza kusoma mwandiko mbaya?"

"Mama, nimesoma mwandiko wa madaktari miaka minane," nikamjibu.

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanituma nivute sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda chake. Ndani mlikuwa na madaftari matano yenye majalada ya ngozi, yamefungwa kwa utepe uliopauka.

Yalikuwa ya babu yake mzaa baba. Huyo babu alikuwa mpasuaji katika mji mdogo wa kando ya mto huko Marekani, karne ya kumi na tisa, na alifariki kabla mjukuu wake hajazaliwa. Katika hospitali ya mji ule picha yake iliyochorwa kwa rangi ilikuwa bado imetundikwa ukutani. Sasa kamati ya mji ilikuwa inatayarisha kitabu kidogo cha kumkumbuka, na ilikuwa imemwandikia yeye, mjukuu pekee aliyebaki, ikimwomba dibaji.

"Baba aliniambia tangu utotoni kwamba babu alikuwa mtu mkubwa," alisema. "Nilikuwa na macho miaka themanini na sikuyafungua haya madaftari. Nilijiambia nitayasoma nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo, macho sina. Nisomee."

Basi ikawa kazi yetu. Nikishamwogesha na kumpa chai, tunakaa kwenye chumba cha mbele, yeye na blanketi magotini, mimi karibu na dirisha, na ninasoma mpaka muda wangu uishe. Mwandiko ulikuwa mdogo, umelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Siku tatu za mwanzo nilisoma ukurasa mmoja kwa saa nzima. Baadaye jicho likazoea.

Huyo babu alikuwa mtoto wa mtengeneza ngozi. Elimu yake ya udaktari aliipata kwa kumfuata daktari mmoja mzee nyumba kwa nyumba, akimshikia farasi na taa, halafu msimu mmoja wa baridi wa kusikiliza mihadhara mjini. Hakuwa na zaidi ya hapo. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka katika nchi yao, naye, kijana asiye na ndevu za kutosha, akapewa msumeno na kupelekwa kambini.

Niliposoma sehemu hiyo nilijua kila alichokuwa akifanya. Walikuwa wamemng'olea mlango wa kanisa, wakaulaza juu ya mapipa mawili, ndiyo meza yake. Dawa ya nusu kaputi ilikuwepo, wanaimwagia kwenye kitambaa na kumfunika mgonjwa pua. Alikata miguu na mikono tangu jua linachomoza hadi asiione tena ncha ya kisu. Lakini kilichonishangaza ni kwamba aliandika kuhusu kila mtu aliyemkata: umri wake, kazi yake, na neno alilosema. Mseremala aliyeomba aachiwe walau kidole gumba. Mwalimu wa shule aliyeuliza kama mguu wake utazikwa au utatupwa. Mkulima aliyemshika mkono akasema, "Daktari, shamba langu lina mlima."

"Alikuwa mwema," Mama alisema siku hiyo, akitazama bega langu.

"Alikuwa mwema," nikakubali. Na nilimaanisha. Nimefanya kazi na wapasuaji wengi wazuri ambao hawakujua mgonjwa aliye mezani anafanya kazi gani.

Baada ya vita alifika kwenye mji ule wa mtoni, akaoa, akaanza kujulikana. Alikuwa mwepesi ajabu. Alitoa mawe ya kibofu, akatoa uvimbe ambao wengine waliuogopa, watu wakaja kwa mashua na magari ya ng'ombe kutoka mbali. Vijana walimwomba awafundishe. Aliandika kwa fahari juu ya koti lake la kazi, lililokuwa limekauka damu na usaha mpaka likawa linasimama lenyewe. Wakati ule koti kama hilo lilikuwa kama nishani. Kisu alikipangusa kwenye koti hilo, akakitia mfukoni.

Hapo nilianza kusoma kwa moyo mzito. Mtu aliyefundishwa kunawa mikono mpaka viwiko kwa dakika tano kamili, kila siku, miaka sita, hawezi kusoma maneno yale akatulia. Daftari la nne lilipoanza, habari zilikuwa zimevuka bahari kwamba daktari mmoja wa huku Uingereza anasafisha vidonda kwa dawa ya kaboliki, na wagonjwa wake hawaozi. Babu yake Mama alisimama kwenye mkutano wa madaktari akaifanyia mzaha habari hiyo. Aliandika kwamba ukumbi mzima ulicheka.

Palikuwa pia na mama mmoja mjane aliyekuwa akifua mashuka na kupiga deki hospitalini kwake. Siku moja mama huyo alimwambia, "Bwana Daktari, wanawake unaowazalisha ukitoka kwenye wodi ya majeraha ndio wanaokufa kwa homa. Wale anaowazalisha mkunga hawafi. Huenda ni mikono." Daktari aliandika mstari mmoja tu: "Mfuaji nguo amegeuka profesa."

Mama aliguna niliposoma hivyo. Mimi nikafungua ukurasa unaofuata.

Nilikuwa na mazoea ya kuukimbilia mstari wa mbele kwa macho huku mdomo ukisoma wa nyuma, ili nisikwame kwenye mwandiko. Kwa hiyo niliona kabla sijasema. Aliandika kwamba mke wake alipata uchungu wakati yeye yuko hospitalini akipasua jipu la mguu wa mtu wa reli. Alikimbia nyumbani. Alijipangusa mikono kwenye koti. Alimzalisha mwenyewe, mtoto wa kiume, mzima. Siku ya tatu mke akashikwa na baridi ya kutetemeka. Siku ya sita akafa. Na chini yake, kwa mwandiko ule ule uliolala, aliandika: "Mfuaji nguo alikuja kutandua kitanda. Hakusema kitu. Ningependa angesema."

Mtoto yule mzima alikuwa ndiye baba yake Mama.

"Mbona umenyamaza?" aliniuliza.

"Kurasa zimeshikana hapa, Mama," nikasema. "Nadhani ziliingia maji."

Nikaruka kurasa nne, nikamsomea barua ya mtu aliyemshukuru kwa kumwokoa jicho.

Nilijiambia nimefanya vile kwa huruma. Mzee wa miaka ile, haoni, kilichobaki kwake ni babu aliyetundikwa ukutani katika mji wa mbali, na mimi ni nani wa kumshusha? Lakini jioni yake, nikila na yule dada wa Bukavu, nilimsimulia, naye akaacha kula.

"Dada, ile kitu ni yake, haiko yako," aliniambia. "Juu ya nini unamuficha? Ni bibi yake ndiye alikufa, haiko bibi yako."

"Itamuumiza."

"Basi imuumize. Kwetu watu wengi walikufa, na wale wenye wanajua ni nani aliwaua wananyamaza, wanasema ni huruma. Mi sitaki ile huruma."

Niliosha vyombo, nikaingia kulala. Na usiku nilielewa, kitandani, kwamba haikuwa huruma peke yake.

Katika mwaka wangu wa mwisho nyumbani tulimfungua tumbo mama mmoja kijana. Mpasuaji alikuwa mtu mashuhuri, mkali, anayependwa na wakubwa. Katikati ya kazi niliona glavu yake ya kushoto imechanika kwenye kidole. Kazi yangu ilikuwa kusema. Yangekuwa maneno mawili tu. Siku chache nyuma alikuwa amemfukuza muuguzi mwenzangu chumbani kwa kumwambia jambo dogo kuliko hilo, mbele ya watu wote. Nikanyamaza. Yule mama kijana alipata usaha tumboni, akafunguliwa tena mara mbili, akafa. Huenda haikuwa glavu. Tumbo lake lilikuwa limeshachafuka tulipolifungua. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na ni kweli, na haijanisaidia.

Niliamua kwamba Jumatatu nitamsomea Mama zile kurasa. Lakini Jumatatu nilipoingia nilimkuta ameshajikokota mpaka chumba cha mbele, daftari la nne liko mapajani mwake, limefunguliwa. Vidole vyake vilikuwa vinapita juu ya karatasi, taratibu.

"Hazijashikana," alisema. "Macho ndiyo yamekufa. Vidole vizima."

Nilisimama mlangoni na koti langu.

"Naomba radhi, Mama."

"Kaa. Soma."

Nikakaa, nikasoma zote nne, bila kuruka neno. Alisikiliza akiwa ameelekeza uso kwenye dirisha. Nilipomaliza, nilisikia hita ikilia ukutani.

"Kwa hiyo alimwua bibi yangu," alisema.

"Hakujua, Mama. Siku zile wengi hawakujua."

"Alijua. Umenisomea wewe mwenyewe. Mfuaji nguo alimwambia, akamcheka."

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya glavu. Sijui kwa nini. Pengine nilitaka ajue kwamba mtu aliyemficha ukurasa hakuwa malaika. Nilimweleza kwa ufupi, nikitazama mikono yangu. Nilipomaliza aliuliza, "Na wewe ulinyamaza?"

"Nilinyamaza."

Hakuniambia kwamba si kosa langu. Watu wawili niliowahi kuwasimulia waliniambia hivyo papo hapo, na nilitoka kwao nikiwa mpweke zaidi. Yeye alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyepokea mzigo na kuupima, kisha akaomba chai.

Siku tano hatukusoma. Nilimwogesha, nikamchana nywele, akaniongelesha juu ya hali ya hewa. Siku ya sita akasema, "Alifanya nini baada ya hapo?"

Daftari la tano lilianza miezi minane baada ya kifo. Miezi ile yote hakuandika hata neno. Ukurasa wa kwanza ulikuwa orodha: mabeseni kumi na mawili, sabuni, kaboliki, mashuka mapya. Alichoma lile koti nyuma ya hospitali, na aliandika kwamba lilichukua muda mrefu kushika moto. Alimwendea yule mama mfuaji nguo nyumbani kwake, akasimama uani, akamwambia kwamba alikuwa amesema kweli. Mfuaji akamjibu, "Sikuisema ili uje hapa. Niliisema ili unawe." Daktari akampa usimamizi wa usafi wa hospitali nzima, na amri kwamba daktari yeyote asiyenawa asipite mlango wake, yeye mwenyewe akiwemo. Mara mbili alirudishwa mlangoni. Aliandika zote mbili.

Kwa miaka iliyobaki kaboliki ilimla ngozi ya mikono mpaka ikapasuka na kuvuja damu. Wenzake wa zamani walimcheka kama alivyowacheka wengine. Na kila mwaka, wanafunzi wapya walipokuja, somo la kwanza halikuwa la kisu. Alisimama mbele yao akawaambia mke wake aliitwa nani, alikuwa na umri gani, na jinsi yeye mumewe alivyomwua kwa mikono yake miwili.

Hapo niliacha kusoma, nikaliweka daftari magotini. Nilidhani Mama naye ameguswa vivyo hivyo. Nilipomtazama, alikuwa amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Kila mwaka?" alisema. "Aliwaambia watoto wa watu kila mwaka?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Baba yangu alikufa akiamini kwamba yeye ndiye aliyemwua mama yake kwa kuzaliwa. Hiyo siku yake ya kuzaliwa hakuwahi kuiadhimisha. Tulikuwa hatuitaji nyumbani. Mwanawe alikuwa anakula naye meza moja, na hakumwambia!"

Alilia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho mbele yangu. Alimlilia baba yake, mtu aliyekuwa ameshazikwa zamani. Nilimshika mkono.

Dibaji aliitunga wiki ile ile. Yeye anasema, mimi naandika. Hakumpamba babu na hakumtupa. Alieleza ule mlango wa kanisa, lile koti, mfuaji nguo, siku sita, mabeseni, na mwisho mtoto aliyefichwa. Nilipeleka bahasha posta mwenyewe. Kamati ilijibu kwa heshima kubwa kwamba kitabu ni cha sherehe, na wanaomba ruhusa ya kufupisha. Akakataa. Miezi michache baadaye kitabu kilikuja, karatasi nzuri zinazong'aa, picha ya rangi mbele, dibaji ya mtu mwingine. Nilimsomea. Mke wa mpasuaji alikuwa na sentensi moja, kwamba alifariki kwa homa akiwa bado kijana.

Nilitegemea afoke. Lakini alikaa akifikiri, kisha akasema jambo ambalo mimi sikuliona hata baada ya kusoma madaftari yote matano.

"Hata mimi nimempa sentensi moja tu. Nimemtaja alivyokufa. Bibi yangu alikuwa mtu gani?"

Tukaanza upya. Tulirudi daftari la pili, mahali alipooa, tukapita kila ukurasa tukimtafuta yeye peke yake. Wakati huo vyeti vyangu vilikuwa vimekubaliwa, na nilikuwa nimeanza mafunzo katika hospitali moja ya magharibi ya London, kwa hiyo nilikuwa nakwenda kwa Mama siku zangu za mapumziko, kama mgeni, si kama mtunzaji. Alikuwa amepata mtunzaji mwingine, lakini alikataa kusomewa na mtu mwingine.

Hatukupata mengi. Mpasuaji aliyeandika kazi na neno la kila mgonjwa hakumwandikia mkewe ukurasa hata mmoja alipokuwa hai. Ilibidi tumwokote vipande vipande, kando ya mambo mengine. Aliuchukia mto, akisema unanuka. Aliimba jikoni bila kufuata sauti, na mume aliandika hilo kwa sababu lilimsumbua akijaribu kusoma. Yeye ndiye aliyemshonea kamba ya kufungia madaftari, ule utepe wenyewe. Alitaka dirisha litobolewe upande wa barabara ili aone watu wakipita, na mume akasema litatobolewa mwakani. Mara moja, mume alipojivuna juu ya upasuaji uliokwenda vizuri, mke aliuliza, "Na mtu mwenyewe anaendeleaje?" Aliandika swali hilo bila jibu.

"Huyo ningempenda," Mama alisema.

Aliniamuru niviandike vyote kwenye karatasi moja, juu kabisa jina la bibi yake kwa herufi kubwa, na niiweke ndani ya sanduku pamoja na dibaji iliyokataliwa. Hakuyapeleka madaftari kwa kamati. Aliyapeleka kwenye chuo kimoja cha udaktari katika jimbo lile lile, akiwaomba kitu kimoja, kwamba atakayefungua sanduku aanze na karatasi hiyo.

Alifariki majira ya kuchipua, asubuhi, akiwa kwenye kiti chake. Barua ya chuo ilichelewa, ikafika kwangu kwa sababu jina langu ndilo lililoandikwa kama mtumaji. Waliandika kwamba sanduku limefika salama, na kwamba mtunza maktaba alikuwa ameanza na ile karatasi kama alivyoombwa. Aliongeza kwa mkono wake, chini kabisa, swali moja: je, hilo dirisha lilitobolewa?

Nilimjibu kwamba tulitafuta, mimi na mjukuu wa bibi huyo, na hatukuona popote.